Mashine ya CNC ya Nyumbani Ikigoma: Kutafuta Chanzo cha Kasoro Unapokata Vipande vya Jahazi la Mfano

Mashine ya CNC, yaani inayokata kwa kufuata maagizo ya kompyuta, uliyoiunda mwenyewe haikosei bila kuacha ushahidi. Kila kasoro ina alama yake kwenye mbao, na alama hiyo ukiisoma vizuri inakuonyesha kama tatizo liko kwenye chuma, kwenye waya au kwenye namba ulizojaza. Wengi hukimbilia kompyuta. Kipande kimetoka kibaya, basi wanabadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo na kukata tena. Sasa kimekuwa kibaya kwa namna nyingine, na hakuna ajuaye ni badiliko lipi lililosababisha. Ushauri wangu ni kushika kipande, kukipima, kisha kugusa kitu kimoja tu.

Ninayoizungumzia hapa ni mashine ambayo wengi wetu tunaimudu: uwanja wa kazi wa kama sentimita 30 kwa 40, daraja linalopita juu ya meza, stepa (mota zinazozunguka hatua kwa hatua) za NEMA 17, skrubu ndefu za T8 zinazosogeza daraja, bodi ya Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu inayoendesha mota), bodi ya CNC Shield V3 na draiva za A4988 (bodi ndogo zinazopeleka umeme kwenye mota). Biti, yaani kisu kinachokata, inazungushwa na ruta ndogo ya mkono, ile ya maseremala. Kazi yake ni kukata mkuku (uti wa chini wa jahazi), mataruma (mbavu zake), fashini, sitaha na usukani wa jahazi la mfano. Jahazi la mita 15 likipunguzwa mara 25 linakuwa la sentimita 60, na mataruma yake yanakatwa vizuri kwenye plaiwudi ya milimita 3.

Kwa ukubwa huo nusu milimita si kitu cha kupuuza. Simamisha mataruma kwenye mkuku, kisha lalisha ubapa mwembamba wa mbao juu yake kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Taruma moja likizidi kwa nusu milimita, ubapa unainuka na kuacha mwanya kwa majirani zake wawili. Ukibandika mbao za ubavu hivyohivyo, pale patakuwa na nundu, na rangi haitaificha.

Stepa inatetemeka lakini haizunguki

Hili ni la siku ya kwanza. Stepa ya waya nne ina koili mbili, na kama umechanganya waya wa koili moja na wa nyingine, itanguruma na kutikisika papo hapo. Zima umeme, chomoa plagi ya stepa, kisha gusanisha waya mbili kati ya zile nne na ujaribu kuzungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito ghafla, hizo mbili ni za koili moja. Zipange jozi kwa jozi kwenye draiva. Ikizunguka kinyume, geuza jozi moja tu au badilisha $3 (mipangilio ya GRBL huandikwa kwa alama ya $ na namba).

Usichomoe stepa kwenye draiva ikiwa na umeme. Draiva nyingi zimekufa hivyo, na mara nyingi zikifa hazitoi moshi wala harufu. Mhimili, yaani mwelekeo mmoja wa mwendo wa mashine, unakaa kimya tu na wewe unaanza kutafuta kosa kwenye programu.

Mataruma hayaingii kwenye mkuku

Umechora pengo la milimita 3, plaiwudi ni ya milimita 3, na taruma linakataa kuingia. Usichukue msasa bado. Pima plaiwudi yenyewe kwa venia (kipimo cha taya), sehemu kadhaa za bapa. Inayouzwa kama milimita 3 huenda ikawa 2.7, na iliyokaa kwenye ghala lenye unyevu huku pwani huvimba. Chora pengo kwa unene uliopima, halafu ongeza 0.1 ili gundi ipate pa kukaa.

Pili, angalia kona za ndani za pengo. Biti ni ya mviringo, kwa hiyo biti ya milimita 2 itaacha kona yenye duara la nusu kipenyo, yaani milimita 1, wakati taruma lina kona kali. Taruma litashuka hadi karibu na mwisho kisha litakwama, na ukilitazama kwa ubavu utaona linaning'inia juu ya zile duara mbili. Tiba ni kuiambia programu ya CAM, inayogeuza mchoro kuwa njia ya biti, izidishe mkato kidogo kwenye kila kona, au kuzichonga kona kwa patasi nyembamba. Kwa mataruma mengi, zidisha mkato. Patasi ikikosea kwenye pengo moja, taruma hilo litasimama juu kuliko wenzake.

Tatu, hakikisha biti inaweza kuingia. Biti maarufu ya milimita 3.175 haiwezi kukata pengo la milimita 3, na baadhi ya programu zitaliruka pengo hilo kimyakimya bila kukuonya. Kama mkuku umetoka bila mapengo kabisa, sababu ni hiyo.

Yote hayo yakiwa sawa na bado vipimo havikubali, fanya jaribio ambalo mimi naliona ni la thamani kuliko mengine yote. Kwenye bapa moja, kwa biti ileile, kata mraba wa milimita 50 kwa nje, na pembeni yake kata tundu la mraba la milimita 50 kwa ndani. Pima vyote viwili kwa upande wa X (kushoto na kulia) na kwa upande wa Y (mbele na nyuma). Uandike.

Kama kipande kimezidi na tundu limepungua kwa kiasi hichohicho, biti yako ni nyembamba kuliko ulivyoandika kwenye programu. Kipande cha 50.2 na tundu la 49.8 maana yake biti unayodhani ni ya milimita 2 ni ya 1.8. Au biti inapinda kwa kusukumwa na mbao, jambo la kawaida kwa biti ndefu na nyembamba. Ongeza mzunguko wa mwisho unaokwangua 0.1 tu kwa kina kizima, kisha upime tena. Tofauti ikitoweka, ilikuwa inapinda.

Kama kipande kimepungua na tundu limezidi, biti inakata njia pana kuliko upana wake, yaani inayumba. Mara nyingi chanzo ni kile kipande cha kupunguzia tundu la koleti (kishikio cha biti) ya ruta kutoka milimita 6.35 hadi 3.175. Fungua koleti, safisha vumbi na utomvu, rudisha, zungusha kwa mkono ukiwa na kipimo cha sindano kwenye shina la biti. Sindano ikicheza sana, nunua koleti ya saizi yenyewe uachane na kile kipande.

Kama vyote viwili vimepungua kwa kiasi kilekile, mshukiwa ni pleyi, yaani skrubu inazunguka kidogo kabla ya daraja kuanza kusogea kila mwelekeo unapogeuka. Thibitisha kwa kukata mraba wa milimita 20 na mwingine wa milimita 100. Pleyi inaiba kiasi kilekile kwa mraba mdogo na mkubwa. Kosa la hatua kwa milimita linakua kadiri kipande kinavyokua: likiwa 0.1 kwenye 20, litakuwa 0.5 kwenye 100.

Pleyi haitibiwi kwa namba. GRBL 1.1 haina mpangilio wa kuifidia, na hata ingekuwa nao, nisingeshauri. Shika daraja, lisukume mbele na nyuma huku mota zikiwa na umeme, na utazame kila kiungo kwa zamu: je, ni nati ya shaba inayocheza kwenye skrubu, ni kapling (kiungo cha mota na skrubu) imelegea, ni beringi ya mwisho inateleza ndani ya nyumba yake, au ni bamba la mota lenyewe linapinda? Nati yenye springi ya kuikaza pande zote mbili inamaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa T8. Kapling ikaze kwenye sehemu bapa ya shafti.

Hatua kwa milimita ni hesabu. Stepa ya nyuzi 1.8 ina hatua 200 kwa mzunguko. Jampa, vile viunganishi vidogo chini ya draiva, zikiwa zimepangwa kugawa kila hatua mara nane, ni hatua 1,600. Skrubu ya T8 ya kawaida inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, kwa hiyo 1,600 kugawa kwa 8 ni 200, na hiyo ndiyo namba ya $100, $101 na $102. Kwa mkanda wa GT2 wenye puli ya meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40. Kama mhimili unakwenda nusu au mara mbili ya ulichoagiza, jampa haikukaa. Ukienda mara nne au robo, umechanganya skrubu ya milimita 8 na ya milimita 2. Kipande kikitoka kama cha kisanduku cha kiberiti, au mashine ikitaka kutoka nje ya meza, inchi na milimita zimechanganywa: tafuta G20 (amri ya inchi) mahali palipotakiwa kuwa na G21 (amri ya milimita), au kinyume chake.

Ukishaweka namba ya hesabu, rekebisha kwa kupima umbali mrefu. Umeagiza 200, umepata 199: namba mpya ni 200 mara 200 kugawa kwa 199, karibu 201. Fikia alama zote mbili ukitokea upande mmoja, la sivyo unaingiza pleyi ndani ya hesabu na kesho itakusumbua.

Duara limekuwa yai, na upande wa kushoto haulingani na wa kulia

Tundu la mlingoti kwenye sitaha ni kipimo kizuri cha afya ya mashine. Duara likirefuka sambamba na X au Y, hatua kwa milimita za mihimili miwili hazilingani. Likiwa na sehemu nne zilizobonyea au ngazi ndogo pale ambapo mhimili mmoja unageuza mwelekeo, ni pleyi. Likirefuka kuelekea kona, daraja haliko pembe mraba na meza.

Kosa hili la tatu ndilo linaloua majahazi ya mfano, kwa sababu kila taruma lina upande wa kushoto na wa kulia, na jicho la mtu linaona mshazari kwenye chombo haraka kuliko linavyouona kwenye kabati. Kata mataruma mawili yanayofanana kabisa. Geuza moja, uso uangalie chini, lilalishe juu ya lenzake na ulinganishe mstari wa katikati. Kosa linajionyesha mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo huhitaji kifaa cha bei kubwa kuliona. Kuona tu hakutoshi, lipime: toboa matundu manne madogo kwenye pembe za mstatili wa milimita 300 kwa 400 na upime ulalo kwa ulalo. Kila mmoja unatakiwa kuwa 500. Mmoja ukiwa 501 na mwingine 499, legeza bolti za mguu mmoja wa daraja, sukuma, kaza, toboa tena.

Mashine yenye mota mbili za Y ina tabia ya ziada. Umeme ukizimwa, kila upande unaweza kusogea peke yake, na asubuhi daraja linaamka limekaa mshazari. Weka vizuizi viwili vya chuma nyuma ya meza, na kabla ya kuwasha lisukume daraja liguse vyote viwili.

Kazi ilianza vizuri, katikati ikahama

Mataruma sita ya kwanza ni mazuri, la saba limekatwa ndani ya la sita. Hapa stepa imepoteza hatua, na GRBL haijui, kwa sababu hakuna kitu kinachoirudishia taarifa ya mahali daraja lilipo hasa. Inaamini ilichoagiza.

Tazama jinsi kilivyohama. Kama umehama mhimili mmoja, mara moja, na kila kilichofuata kimehama kiasi hichohicho, kuna kitu kilizuia au kugonga. Kama umehama kidogo kidogo kila mara kuelekea upande mmoja, huenda ni ishara ya hatua inayofika kwa draiva vibaya. Hili huonekana kwa wanaotumia draiva kubwa za nje kama TB6600: jaribu kugeuza $2 (mwelekeo wa ishara ya hatua), na uongeze $0 (muda wa ishara hiyo). Na kama mihimili yote imehama kwa fujo, fikiria umeme.

Halafu rudia faili lilelile mara mbili. Likihama mahali palepale, chanzo ni cha kimwili: waya unaovutwa daraja likifika kona fulani, maranda yaliyojibana kwenye reli, skrubu iliyopinda, au reli mbili zisizo sambamba zinazobana zikikaribia mwisho. Zima umeme na uzungushe skrubu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidole vitakuambia panapokaza. Likihama mahali tofauti kila mara, ni joto au kelele za umeme, yaani mawimbi ya umeme yanayovuruga ishara.

Kutenganisha joto, umeme na mzigo kunahitaji hatua tatu. Kwanza endesha faili zima hewani, biti ikiwa juu ya mbao na ruta imezimwa. Ikihama, kosa ni la mota, draiva au kasi. Isipohama, rudia hewani ruta ikiwa imewashwa. Ikihama sasa, ni kelele za umeme za ruta. Isipohama tena, kata mbao. Ikihama hapo tu, mzigo ni mkubwa: punguza kina cha kila mzunguko au mwendo, na ukague kama biti imebutuka.

Upande wa draiva, pima volti ya marejeo. Kwa A4988 mkondo ni volti hiyo kugawa kwa mara 8 ya rezista ya kupimia. Tafuta zile rezista mbili ndogo kando ya chipu: zikiandikwa R100, ampea 1 inahitaji volti 0.8, zikiwa R050, volti 0.4. Watu wanaonakili namba ya mtu mwingine bila kusoma rezista zao huishia na mota dhaifu au draiva inayoungua. Kwa DRV8825 ni rahisi zaidi, ampea ni mara mbili ya volti. A4988 bila kipoza joto na feni usiitegemee zaidi ya ampea 1. Ikipata joto kupita kiasi inajikata yenyewe kwa muda mfupi kisha inarudi, na hicho kipindi kifupi ndicho kinachohamisha kipande chako. Feni ya kompyuta ya zamani ikipuliza draiva moja kwa moja inabadilisha kila kitu. Na kama umeweka NEMA 23 ya ampea 3, tafuta draiva inayolingana nayo, A4988 haiiwezi.

Mota yenyewe kuwa ya moto si ugonjwa. Stepa inakula mkondo hata ikiwa imesimama.

Kwenye namba, kwanza shusha mchapuko, $120 na $121, kabla ya kushusha kasi ya juu. Mataruma yana mikunjo mingi midogo, na daraja zito likilazimishwa kugeuka ghafla ndipo linapoteza hatua. Kasi ya juu, $110 na $111, nayo ina mpaka: nguvu ya stepa inapungua kadiri inavyozunguka haraka, na kwa volti 12 inapungua mapema kuliko kwa 24.

Mwisho, kaza zile skrubu ndogo za pembeni za kapling na puli. Chora mstari wa kalamu ya wino unaovuka kapling na shafti. Mstari ukikatika baada ya kazi, umempata mhalifu.

Kina hakilingani

Kipande kimekatika upande mmoja, upande wa pili bado kimeshika. Ubao wa chini hauko sambamba na njia ya biti. Uparuze wote kwa biti pana, milimita nusu, kwa mashine yenyewe, na kuanzia hapo utakuwa sambamba hata kama meza imepinda. Kama katikati ya bapa ndiko hakukatiki vizuri au ndiko kunakokatika zaidi, plaiwudi imebinuka: kubana kingo hakutoshi. Mimi natumia tepu ya karatasi juu ya ubao wa chini na nyingine chini ya plaiwudi, na supaglu kati ya tepu hizo mbili. Inashika uso wote na inabanduka bila kuchafua mbao.

Kina kikiongezeka polepole kadiri kazi inavyoendelea, biti inavutwa kutoka kwenye koleti. Biti zinazopandisha maranda juu hufanya hivyo zisipokazwa. Weka alama ya wino kwenye shina, utaona.

Na kama Z, mhimili wa juu na chini, inashuka yenyewe mashine ikisimama, ni uzito wa ruta. T8 ya milimita 8 ina mteremko mkali, hivyo uzito unaweza kuizungusha mota isiposhikwa. GRBL kwa kawaida huiachia mota milisekunde 25 baada ya kusimama. Weka $1=255 ili ishike muda wote. Kwa Z peke yake, skrubu ya milimita 2 kwa mzunguko ni chaguo bora, ruta haiwezi kuisukuma.

Kingo zenye nyuzi, mbao kuungua, biti kuvunjika

Tazama kinachotoka kwenye mkato. Maranda madogo yanayohisika kati ya vidole ni dalili njema. Unga laini na harufu ya kuungua maana yake biti inasugua badala ya kukata: mwendo ni mdogo mno kwa mizunguko uliyoweka. Mwendo ni mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara unene wa kila kipande kinachobanduliwa. Ruta ikiwa kwenye mizunguko 18,000, biti ya meno 2, na 0.02 kwa kila jino, unapata milimita 720 kwa dakika. Wengi huogopa na kuweka 200, wakaunguza mbao na kubutua biti kwa wakati mmoja. Kama mashine haiwezi mwendo huo, shusha mizunguko ya ruta.

Nyuzi juu ya bapa ni kazi ya biti inayovuta juu. Nyuzi chini ni ya inayosukuma chini. Kwa mataruma, biti ya kusukuma chini inatoa uso msafi na inakandamiza plaiwudi nyembamba isiinuke, ila unga unabaki kwenye mfereji, hivyo nyonya vumbi unapokata. Gundi ya plaiwudi inakula makali haraka, na hakuna mpangilio unaoponya biti butu.

Biti ya milimita 1 inavunjika kwa kina kikubwa mno (nusu ya kipenyo kwa mzunguko inatosha), kwa kuzama wima bila kuteremka kwa mshazari, au kwa kipande kuachia mwishoni na kuirukia biti. Kwa hilo la mwisho acha vishikizo vya upana wa milimita 3 na unene wa 0.8 kila upande wa taruma, uvikate kwa kisu baadaye. Kingo zenye mawimbi yanayojirudia zinatoka kwenye mtikisiko: biti imechomoza mno, au daraja linanepa. Lisukume kwa kidole karibu na ruta na utazame sindano ya kipimo.

Vaa miwani, na barakoa ya vumbi kwa MDF na kwa mvule, ambao unga wake unawasha pua na ngozi. Glovu vua. Na usiiache mashine ikikata peke yake, ruta inaweza kuwasha moto kwenye unga.

Alamu na kukatika mawasiliano

Kompyuta haiioni bodi: Arduino nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340 inayohitaji draiva yake (ya programu, si ile ya mota) kwenye Windows, na kasi ya mawasiliano ya GRBL ni 115200. Ukiandikiwa error:9, mashine imejifunga kwa alamu. $H (kutafuta swichi za kuanzia) au $X (kufungua tu) inaifungua.

Alamu 1, yaani swichi ya mwisho wa njia imeguswa, ikitokea daraja likiwa katikati ya meza, mbali na swichi yoyote, ni kelele za umeme. Mota ya ruta ina brashi zinazotoa cheche, na waya mrefu wa swichi unazipokea. Tenganisha njia za waya za ruta na za swichi, sokota waya mbili za kila swichi pamoja, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya swichi na ardhi ya bodi (GND), tumia swichi ambazo kwa kawaida zimefungwa, na chomeka ruta kwenye soketi nyingine. Hakikisha waya wa ethi wa nyumba ni wa kweli, si tundu tupu kwenye soketi. Kama USB inakatika ruta ikiwashwa, jaribu kebo fupi, na laptopu ikitumia betri yake.

Alamu 9 maana yake mashine imetafuta swichi ya kuanzia bila kuipata. Bonyeza swichi kwa kidole na utazame hali ya pini. Kwa Z, kuna mtego wa CNC Shield V3: maandishi ya pini zake ni ya GRBL ya zamani, na kwenye 1.1 swichi ya Z inaingia kwenye pini iliyoandikwa SpnEn. Alamu 8 ni kwamba imeipata lakini haikuachia, ongeza $27 (umbali wa kurudi kutoka kwenye swichi).

Umeme ukikatika, na kutu

Umeme ukirudi, usibonyeze endelea. Mashine imesahau ilipo. Zima ruta kwenye swichi yake isije ikawaka yenyewe, inua biti kwa mkono, rudisha umeme, tuma $H. Kama uliandika namba za X, Y na Z za mahali kazi ilipoanzia, unarudi palepale na kuendelea na taruma ambalo halijaguswa. Kwa mashine isiyo na swichi za kuanzia, toboa tundu dogo la rejea kwenye kona ya ubao wa chini kabla ya kila kazi, na ulitafute kwa ncha ya biti.

Reli za chuma kwenye karakana iliyo karibu na bahari hushika kutu haraka, na kutu ndogo tu inatosha kukwaza beringi mahali pamoja kila siku. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine baada ya kazi, si kabla, kwa sababu mafuta mabichi yakikutana na unga wa mbao yanakuwa tope linaloingia ndani ya beringi. Asubuhi pangusa kwa kitambaa kikavu, zungusha kila skrubu kwa mkono mwanzo hadi mwisho, halafu washa.